Jina Lililotoka Ubavuni mwa Garimoshi

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, haijanitoka kichwani hata leo. Ilikuwa Jumamosi, siku ya posa ya baba yako, na tulikuwa tumetoka Louisville alfajiri kuelekea Columbus kwa wazazi wa mama yako. Gari la kanisa lilijaa wazee waliovaa suti za kuazimana na kina mama waliopakata sufuria za moto kwenye taulo. Mimi nilikaa mbele, karibu na dereva, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, mwembamba, mwenye maneno mengi, na nilijiona nimeshaimaliza Amerika yote kwa kuwa nilijua kusoma bili ya umeme. Usicheke. Na wewe unaelekea hukohuko.

Juzi uliniuliza kama ukishakuwa mtu mzima unaweza kubadilisha jina lako la mwisho, nami nikajifanya nina kazi jikoni. Sikuwa na kazi yoyote. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, maana siwezi kukujibu bila kuanza na aibu yangu mwenyewe, na shangazi hapendi kuvuliwa nguo mbele ya mtoto wa kaka yake. Lakini heri nijivue mwenyewe.

Babu yako aliitwa Limited. Sisi tulitamka Limitedi, lakini yeye alitaka liandikwe bila ile i ya mwisho, kama lilivyokuwa kwenye kibao. Kibao gani? Sikiliza. Baba yake, yaani babu yangu mimi, alitoka Burundi akiwa kijana kwenda kutafuta kazi Kigoma, akapata kibarua cha reli. Kazi yake ilikuwa kusafisha kichwa cha garimoshi kabla hakijaondoka asubuhi: kuzoa majivu, kufuta masizi, na mwisho kusugua kibao cha shaba kilichopigiliwa ubavuni. Mzungu aliyewasimamia alikuwa na wazimu wa kile kibao. Kichwa kizima kingeweza kunuka oili na matope, lakini kibao kisipong'aa, kibarua anarudishwa kwao. Kwa hiyo babu alikijua kile kibao kwa vidole, herufi moja baada ya nyingine, ingawa hakujua kusoma hata moja.

Siku moja akamwomba karani wa stesheni amsomee. Karani alisoma haraka, kama mtu ambaye chai yake inapoa: majina mawili ya watu, kisha Limited, kisha mji, kisha Uingereza. Babu akauliza hao ni akina nani. Karani akamwambia ndio waliolitengeneza garimoshi hili, akaondoka. Sasa uone jinsi Mrundi alivyofikiri, maana hapo ndipo jina letu lilipozaliwa. Kwetu jina la ubatizo hutangulia, na jina lenyewe, lile ulilopewa na baba yako, huja mwishoni. Babu akaona wazi kwamba yale mawili ya mwanzo ni ya kanisani tu, na Limited ndilo jina la mtu mwenyewe. Aliporudi nyumbani akapata mtoto wa kiume, akampa jina la yule fundi mkubwa wa Uingereza aliyekifanya chuma kitembee. Hakuna aliyecheka. Nani angecheka, wakati mlimani kwetu kote, huko Burundi, hakuna aliyelijua neno hilo?

Babu yako akakua na hilo jina, akakimbia nalo vita, akaishi nalo kambini Tanzania ambako mimi na baba yako tulizaliwa. Na kila mwaka hadithi ya Bwana Limitedi iliota nyama kidogo. Mara alikuwa mtoto wa mhunzi maskini. Mara alikuwa amefukuzwa shule kwa kuchorachora magurudumu. Mara malkia alimwita kwake kunywa chai, naye akakataa kwenda kwa sababu alikuwa na chuma tanurini. Baba alisimulia akiwa amekaa nje ya nyumba yetu ya udongo, akisugua hewa kwa kiganja kuonyesha jinsi baba yake alivyokuwa akisugua shaba. Tulikuwa watoto wa wakimbizi, chakula chetu ni cha kupangiwa foleni, lakini tulikuwa na mtu wetu Uingereza. Nilimpenda Bwana Limitedi kuliko watu wengi niliowaona kwa macho.

Tulipoitwa kwenye mahojiano ya kuja huku, tuliambiwa Wamarekani wanapenda watu wa nyumba moja wawe na jina moja la mwisho. Kwetu jina halirithiwi, kila mtoto ana lake, na wazee wengine kambini walinung'unika sana. Babu yako hakunung'unika. Alifurahi. Akatuandikisha sote, mkewe na watoto wake, chini ya yule fundi. Ndivyo mimi Domitila, na baba yako Elie, na sasa wewe, tulivyokuja kuitwa Limited.

Tukafikia Louisville, tukapewa nyumba Newburg, kwenye yale maghorofa ya matofali mekundu. Nikapata kazi kwenye ghala la vifurushi karibu na uwanja wa ndege. Siku ya kwanza nilipovaa beji, msimamizi aliisoma, akaisoma tena, akamwita mwenzake aje naye aisome. Mimi mshamba nikanyoosha mgongo. Nikadhani wamemtambua Bwana Limitedi.

Kumbe. Haukuisha mwezi nikaanza kukutana na lile neno kila mahali. Ofisini walikoshughulikia mambo yetu walisema Kiingereza cha baba ni limited. Kliniki wakasema muda wa daktari ni limited. Dukani soda za bei rahisi zilikuwa limited, mtu asichukue nyingi. Nilipokuwa mzito kupanga maboksi, kijana mmoja wa shifti yetu alisema kitu, wote wakaangua kicheko, na nikalisikia jina la baba yangu katikati ya kicheko kile. Nikamwuliza mwalimu wetu wa Kiingereza. Akanieleza kwa upole kwamba ni kitu chenye mpaka, kisichotosha, kisichoweza kufika mbali. Akaongeza kwamba kwenye majina ya kampuni lina maana nyingine, ya kisheria. Hilo la pili sikulisikia hata kidogo. La kwanza lilikuwa limeshanijaa masikioni.

Sikumwambia baba. Nilianza tu kumwonea haya. Tukienda hospitali nikawa nalitaja jina letu kwa sauti ya chini, haraka haraka. Akianza hadithi yake kanisani, nilitoka nje kama naenda kumwangalia mtoto wa mtu. Na yeye, maskini, kwa kuwa sasa yuko nchi ya Wazungu, akaona huku ndiko watu watakakomwelewa Bwana Limitedi vizuri zaidi.

Sasa turudi Columbus. Posa ilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa moja huko Gahanna, karibu na uwanja wao wa ndege, hata wazee wakawa wananyamaza kila ndege ilipopita. Upande mmoja tulikaa sisi wa Elie. Upande wa pili walikaa wa Furaha, mama yako: Wakongo wa Uvira, watu wa kupendeza, wenye vitenge vipya na maneno matamu. Shangazi yake Furaha, Mama Zawadi, alikuwa amekuja kutoka Buffalo, ambako kazi yake ni kuwahudumia wazee wa Kizungu majumbani mwao. Mama mnene, mtulivu, wa kuitikia kwa kichwa tu. Na mezani pa katikati walikaa Wamarekani wachache walioisaidia familia ya Furaha ilipofika, wakiongozwa na bibi mmoja mwenye nywele nyeupe aliyekuwa amevaa kitenge alichoshonewa na mama yake Furaha. Nikapewa kipaza sauti nimtafsirie kila atakayesema.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka baba yake Furaha aliposimama na kuuliza lile swali. Namkumbuka alivyolisema.

"Bon," akasema. "Huku Amerika, bibi anabebaka jina ya bwana yake. Donc tunaomba kujua, mutoto wetu ataitwa nani, na ile jina inatoka wapi?"

Babu yako akasimama. Akafunga kifungo cha koti, akakifungua, akakifunga tena. Alikuwa ameingojea siku kama hiyo maisha yake yote: ukumbi umejaa, wakwe wanauliza, na Wazungu wapo. Akaanza na Kigoma, na majivu, na kibao cha shaba. Alisimulia vizuri kuliko siku zote nilizowahi kumsikia. Wakongo walikuwa wanacheka pale pa kuchekesha na kuguna pale pa kuguna. Nami natafsiri, sentensi kwa sentensi, mpaka alipofika kwenye jina.

Vijana wa upande wa Furaha, wale waliokulia huku, walikuwa wameshaanza kutazamana. Walilisikia neno kabla sijalitafsiri. Mmoja aliziba mdomo kwa mkono. Yule bibi mwenye nywele nyeupe alikuwa ananiangalia akitabasamu, anangoja. Na mimi nikaona kitakachotokea: nitasema Limited, meza nzima itajitahidi isicheke, na kule kujitahidi kwao kutakuwa kubaya kuliko kicheko. Nikasema kwa Kiingereza kwamba baba yangu anaitwa Leonard, na kwamba amepewa jina la mhandisi mmoja wa Uingereza aliyeitwa Leonard.

Basi ikawa hivyo. Kila aliposema Limitedi, mimi nilisema Leonard, na mwanangu, alilisema mara nyingi. Leonard akazaliwa kwa mhunzi. Leonard akafukuzwa shule. Leonard akamkatalia malkia chai yake. Wamarekani wakapiga makofi, baba akainama kushukuru, nami nikajiona mwerevu kupita kiasi. Nikasema moyoni kwamba nimemwokoa.

Ndipo yule bibi akaomba na yeye aseme neno. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akaibariki ndoa, akawashukuru wazazi wa Furaha kwa majina yao. Kisha akamgeukia babu yako na kumwita, kwa heshima zote, Leonard.

Babu yako akageuka kuangalia nyuma yake. Alitaka kuona ni nani anayeitwa.

Nyuma yake palikuwa na ukuta. Akageuka tena mbele, akamwona bibi amemnyooshea mkono, akausogelea ule mkono na kuupokea, lakini macho yake yalikuwa kwangu. Ukumbi ulikuwa umenyamaza, na safari hii haikuwa kwa sababu ya ndege.

"Domi," akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, watu wote wakisikia. "Leonardi ni nani?"

Nikamwambia baba kwamba bibi amekosea. Nikamwambia ni mtu mzima, amechanganya majina, tusimwaibishe. Yaani nilichukua uongo wangu nikambebesha bibi kizee aliyekuja kutubariki, naye amesimama palepale anatabasamu, haelewi kinachosemwa. Baba akaitikia kwa kichwa, akamshukuru bibi, akakaa. Elie alinitazama kwa jicho ambalo hajawahi kunitazama nalo tena, na namshukuru Mungu kwa hilo. Posa ikaendelea, vyakula vikaletwa, fufu na sombe na samaki wa kukaanga. Sikuonja hata kimoja.

Nilikimbilia jikoni, nikajifanya naosha vyombo. Mama Zawadi akanifuata. Akafunga mlango kwa mgongo wake, akasimama hapo. Mimi nilidhani yule mama hajui Kiingereza kwa kuwa alikuwa haongei. Kumbe mtu anayekaa kutwa na wazee wa Kizungu, kuwaogesha na kusikiliza malalamiko yao, anajua Kiingereza kuliko mimi wa kusoma bili.

"Ule mama hakukosea," akaniambia. "Nilisikia. Njo wewe ulisema Leonard." Nikataka kujieleza, akanyanyua kidole tu. "Baba yako alikuwa anasimama mbele ya watu, anatoa jina yake, na wewe ulikuwa pembeni unamuzika. Mutu anazikwaka akiisha kufa. Ule hayakufa."

Nilikuwa nimeshika sahani yenye povu na nilitamani sakafu ifunguke. Hakunipigia kelele, na laiti angenipigia. Aliniambia kwamba yeye hatasema neno kwa mtu, kwa sababu posa ni ya Furaha na si yangu, lakini kwamba mimi mwenyewe lazima nimwambie baba, kwa kinywa changu. Kisha akachukua kitambaa, akaanza kunifutia vyombo. Tulimaliza sinki nzima pamoja.

Njiani kurudi Louisville baba alikaa kiti cha nyuma. Wazee walikuwa wanaimba, maana posa ilikuwa imekubaliwa. Sauti yake sikuisikia katikati ya nyimbo zile. Nilimwangalia kwenye kioo cha dereva, nikamwona amelala, au amefumba macho, na sikuthubutu kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Kesho yake, baada ya ibada, nilimkuta mezani kwetu Newburg. Nikakaa mbele yake, nikamwambia kwamba bibi hakukosea, kwamba Leonard ni mimi. Akaniuliza kwa nini. Nikamweleza maana ya neno letu: kliniki, soda, beji, kicheko cha ghalani, yote. Nilitegemea atakasirika. Yeye alinisikiliza kama anayesikiliza habari za nchi ya mbali, kisha akasema neno moja linaweza kuwa na maana nyingi, na kwamba mtu mkubwa kama Bwana Limitedi hawezi kukosekana kwenye simu yangu. Akaniambia nimtafute humo. Akanitajia yale majina mawili ya mwanzo na mji, kama alivyofundishwa na baba yake, kama wimbo wa watoto. Sitayataja hapa, wenye nayo walishakufa zamani na hawana kesi na sisi.

Nikatafuta. Nikakipata kiwanda, mwanangu, na nikamsomea habari zake zote, na safari hii sikuruka hata neno.

Walikuwa watu wawili, fundi wa chuma na rafiki yake, katika mji wa kaskazini mwa Uingereza. Walianzia kwenye banda kando ya mfereji, wakitengeneza mashine za viwanda vya kusokota nyuzi. Baadaye wakajaribu kutengeneza kichwa cha kuvuta mabehewa ya makaa ya mawe migodini, kikatembea, wakaletewa kazi nyingine. Baba alitikisa kichwa kwa furaha. Aliniambia mhunzi si huyo tayari? Nikaendelea. Watoto wao wakarithi, kiwanda kikakua kikala mtaa mzima, vichwa vikapakiwa melini kwenda India, Amerika ya Kusini na Afrika. Vita vilipokuja wakaacha magarimoshi wakafyatua mizinga. Baadaye zikaja treni za dizeli, na wao walikuwa wamezoea mvuke, wakachelewa. Wateja wakaenda kwingine. Kampuni kubwa zaidi ikawanunua, na baada ya muda ikafunga milango. Leo mahali pale pana maduka na nyumba za kupanga, na limebaki lango la matofali watu wanalopigia picha.

"Na Limitedi?" akauliza.

Nikamsomea na hilo. Kwamba wenye kiwanda wa kizazi cha pili walikisajili upya chini ya sheria, na sheria ikawataka waweke neno lile mwishoni mwa jina. Maana yake ni kwamba kiwanda kikifilisika, wenye mali watapoteza kile walichoweka tu. Nyumba zao hazitaguswa. Ni neno la kuwalinda matajiri wasije wakalala nje. Makampuni mengi ya Uingereza yalikuwa nalo, hata ya biskuti.

Palikuwa na picha moja ya wafanyakazi, wamepanga mistari mbele ya kichwa kipya, wamevaa kofia, mikono wamefunga kifuani. Hakuna jina hata moja lililoandikwa chini yake. Akaniomba niikuze. Akapita uso mmoja baada ya mwingine kwa kidole chake kizito, anasogeza, anarudi nyuma, anasogeza tena. Alimtafuta kwa muda mrefu sana, nami nilishindwa kumwambia aache.

"Kwa hiyo si mtu," akasema mwisho.

"Si mtu, baba. Ni sheria."

"Na Leonardi?"

"Huyo nilimtunga mimi."

"Basi hata yeye si mtu." Akanirudishia simu mkononi, taratibu. "Limitedi hakuwapo, na Leonardi hakuwapo. Pale ukumbini mtu nilikuwa mimi peke yangu, Domi, na wewe hukuniona."

Akainuka akaenda nyuma ya nyumba kumwagilia mchicha wake wa lengalenga, ingawa usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Nilikaa mezani nikalia. Nililia kwa ajili yake, halafu nikajililia mwenyewe, halafu nikalia kwa sababu sikujua ningeanza kuyarekebisha kutoka wapi.

Nilianzia palepale nilipoharibu. Siku ya harusi, Columbus hiyohiyo, nikaomba kipaza sauti kabla ya wengine. Nikamwomba msamaha yule bibi kwa Kiingereza, nikawaomba msamaha wakwe kwa Kiswahili. Nikasema baba yangu anaitwa Limited. Nikasimulia kibao, karani, majina ya ubatizo, na jinsi tulivyokosea. Vijana walicheka, na Wamarekani nao wakacheka kidogo. Nikawaacha wacheke mpaka wamalize, kisha nikaendelea. Uso uliniwaka moto muda wote. Mama Zawadi alikuwa amekaa mstari wa mbele, akaitikia kwa kichwa mara moja, basi. Yule bibi akaja kumshika babu yako mkono, akamwita Mista Limited, na babu yako akaitika.

Ningependa kukuambia kwamba hapo mambo yakaisha vizuri. Hayakuisha hivyo. Alinisamehe, hilo nalijua, kwa kuwa alinibariki mbele ya wachungaji kabla hajafa. Lakini ile hadithi hakuisimulia tena. Watu walimwomba, kanisani, misibani, kwenye sherehe za mtaa wa Iroquois ambako sote tulihamia baadaye. Alikuwa anatabasamu na kusema, "Mwulizeni Domi, yeye anaijua kuliko mimi." Mara ya kwanza nilidhani ananitania. Sasa huwa naisimulia mimi, na kila nikifika pale pa kusugua shaba, kiganja changu hakijui kufanya kama chake.

Wewe hukumkuta. Ulizaliwa mwaka aliokufa, ndiyo maana unamjua kwa picha tu. Wakati wa maziko, mtu wa kuchonga jiwe alinipigia simu kuuliza kama neno la mwisho limekosewa. Nikamwambia halijakosewa, alichonge lote, na nikamtajia herufi moja moja, polepole, bila kushusha sauti.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na uisikilize kwa masikio mawili. Sikukatazi kubadilisha jina. Nchi hii inaruhusu, na pengine ukishakuwa mtu mzima utakuwa na sababu nzuri kuliko yangu. Lakini kabla hujaligusa, nenda kwa baba yako na mama yako, ulitamke mbele yao kwa lugha wanayoielewa, uwaambie linakuuma wapi. Usiwafiche kwa Kiingereza. Kitu nilichokosea mimi si kuona haya, maana haya humjia kila mtu. Nilikosea kuichukua haya yangu na kumvisha mzee aliyekuwa amesimama kwa furaha, asiyejua kinachosemwa juu yake.

Na tena, wewe ndiye unayemtafsiria mama yako shuleni na hospitalini. Usidhani hiyo ni kazi ndogo ya kukupotezea mchezo wako wa mpira. Maneno ya mtu mzima ukipewa uyavushe, yavushe yalivyo, hata kama yamepinda, hata kama watu watacheka. Mwalimu akisema umefeli, mwambie mama amesema umefeli, utapona. Na mama akisema neno la kijijini mbele ya daktari, usilipambe. Hajakuomba umfanye mtu mwingine. Amekuomba asikike.

Mungu wa babu yako akulinde katika barabara za nchi hii. Akupe afya, akupe mke au kazi au vyote viwili kwa wakati wake, na watu wakikuita, akupe sauti ya kuitika. Nami uzee unakuja, na Kiingereza changu kitaanza kunitoka kama kinavyowatoka wazee wote. Siku nitakapolazwa mahali na kusema neno ambalo wauguzi hawalielewi, Mungu anipe wewe kando ya kitanda, na useme nilichosema.